Bundi Paani, Mwewe Uani

Siku ya kwanza niliposikia sauti ya kinda la bundi kwa karibu, niliidhani ya nyoka. Nilikuwa juu ya paa la nyumba moja hapa Malindi, upande wa Shella, nimekaa juu ya pau nikifumua makuti yaliyooza upande unaopigwa na kusi. Nilipopeleka mkono karibu na mgongo wa paa, ikatoka "kshhhh" ndefu, kama upepo unaotoka kwenye gurudumu la baiskeli. Fundi wa makuti yeyote anajua kuwa nyoka hupenda paa. Nikachomoa panga. Kijana wangu aliyekuwa ndani akinipitishia makuti akapiga ukelele: "Mjomba, usikate! Ni ndege!"

Nikainama nikatazama. Makinda matatu, weupe kama pamba chafu, nyuso zao zina umbo la moyo, wanayumbisha vichwa huku na huku bila kuniondolea macho. Mmoja mkubwa, wa pili wa wastani, wa tatu mdogo kama ngumi. Bundi jike akishataga yai la kwanza huanza kulilalia papo hapo, kisha huongeza jingine baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo watoto wake huanguliwa kwa zamu. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Siku ile nilirudisha panga kiunoni, nikashuka, mikono inatetemeka.

Nimepanda mapaa zaidi ya miaka ishirini, kuanzia Mambrui hadi Mayungu na Watamu, na nyumbani kwangu tunafuga kuku wa kienyeji. Kwa hiyo hawa ndege wa kuwinda nakutana nao kazini na nyumbani. Watu wengi huniuliza wafanye nini mwewe akizoea ua wao, au bundi akiingia darini, au kozi akinasa bandani. Nawaambia jambo moja: ndege huyu hakuja kwako kwa ajili yako. Amefuata kitu. Kitafute hicho kitu kabla hujatafuta fimbo.

Kwanza umjue ni nani

Huku kwetu jina la mwewe hupewa kila ndege mwenye kucha, na hapo ndipo makosa huanza, kwa sababu dawa ya mwewe si dawa ya kozi.

Mwewe ni yule wa hudhurungi anayezunguka juu ya soko la samaki na juu ya jaa. Tazama mkia wake: una panda, na anaupindapinda akiruka kama nahodha anavyocheza na usukani. Akishakuwa mkubwa mdomo wake huwa wa njano. Sauti yake ni mluzi unaoishia kwa mtetemo. Huyu ni mwokotaji zaidi kuliko mwindaji. Anakula samaki waliotupwa, utumbo, panya waliokufa, mijusi, kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, na kifaranga akimpata wazi.

Kozi hazunguki juu. Mabawa yake ni mafupi ya mviringo, mkia mrefu, na maskani yake ni ndani ya matawi. Utakaa uani asubuhi nzima usijue yuko kwenye mwembe wako. Kisha kitu kinapita chini chini, usawa wa kiuno, na kifaranga hayupo. Kipanga ana mabawa marefu yaliyochongoka na anapiga mbio mahali pa wazi. Ndege wadogo wa angani ndio chakula chake, kuku wako hawamshughulishi sana.

Furukombe, mwenye kichwa na kifua cheupe, utamwona zaidi mdomoni mwa mto Sabaki, na yule tai mwingine mla samaki anayetoka Ulaya hutujia wakati wa kaskazi na kukaa huko Mida Creek. Hao wawili hawana habari na nyumba yako.

Chakula mkononi

Mjukuu wangu wa kike alikuwa na miaka sita. Alisimama nje ya lango la shule na hamri lake mkononi, mkono umeinuliwa kwa sababu alikuwa akimwonyesha mwenzake. Mwewe alitoka nyuma yake. Mtoto hakuona kitu, alisikia upepo tu na kidole kikachanika. Hamri lilikwenda.

Mwewe mzima hafiki kilo moja. Yale maneno kwamba atamnyakua mtoto mchanga mkekani hayana ukweli, hana nguvu hiyo. Lakini kucha zake ni kali na zimetoka kushika mizoga, kwa hiyo mkwaruzo wake si wa kupuuza. Tulimwosha mtoto kidole kwa sabuni na maji ya mfereji yanayotiririka, tukakaa hapo dakika nyingi kuliko alivyotaka, kisha mama yake akampeleka zahanati kuulizia sindano ya pepopunda. Fanya hivyo hivyo, hata kama damu ni tone moja.

Kumzuia ni rahisi. Anahitaji nafasi ya kuingia na nafasi ya kutoka, kwa sababu hatui, anapita. Mfundishe mtoto kula akiwa barazani au chini ya mti, mgongo karibu na ukuta, chakula kikiwa karibu na kifua. Usimrushie mwewe kitu hata mara moja, hata kama wageni wanapenda kumpiga picha akidaka. Mwewe aliyezoea kudaka mkate wa mgeni ndiye anayekuja kumchana kidole mtoto wa shule.

Na jikoni je? Mke wangu alizoea kupara samaki nyuma ya nyumba, mahali peupe, na utumbo unatupwa kwa paka. Ilifika mahali mwewe wanatangulia. Saa nne hazijafika wako wanne juu ya mnazi wanangoja. Alihamisha kibao chake cha kuparia chini ya kipaa cha jiko, utumbo ukawa unatiwa kwenye ndoo yenye kifuniko na kufukiwa jioni kwenye shina la mpapai. Siku tatu za kwanza walikuja wakazunguka. Wiki ya pili mnazi ulikuwa mtupu.

Vifaranga

Wazee walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua huchukuliwa na mwewe. Mimi nimekuwa yule maskini. Mwaka mmoja kuku wangu watatu waliangua vifaranga thelathini na mmoja, tukabaki na saba. Nilinunua manati. Nilipoteza asubuhi nyingi nikiangalia juu, na siku niliyochoka kuangalia ndiyo siku walipokuja.

Niliyojifunza ni kwamba wiki sita hadi nane za kwanza ndizo za hatari. Baada ya hapo kifaranga anakuwa mzito, anajua kukimbia, na mwewe humwacha. Kwa hiyo kazi yote ni ya wiki hizo, si ya mwaka mzima.

Wiki mbili za mwanzo, mama na wanawe wakae chini ya tenga kubwa, juu yake jiwe. Unalihamisha tenga kila siku wapate mahali pabichi pa kuparua. Wakishaanza kuchoka na tenga, uwe umekwisha kuwatengenezea eneo. Mimi nilikwenda kwa wavuvi nikapewa nyavu kuukuu, zile zilizoraruka hata hazishonwi tena. Nilisimika nguzo sita za mvinje, urefu wa kuweza kupita bila kuinama, nikatandaza wavu juu na pembeni. Hapa kuna jambo la kushika: wavu uukaze. Wavu uliolegea unamnasa ndege, na ndege aliyenaswa ni tabu yako na yake. Ukaze mpaka ukiupiga kwa kiganja urudi wenyewe. Wavu wa uzi mwembamba usioonekana usiutumie kabisa.

Asiyekuwa na wavu apande kichaka. Kuku wanaoparua chini ya mwembe wenye matawi ya chini au kwenye mihogo iliyosongamana wana pa kukimbilia, na mwewe mwenye mabawa marefu haingii humo. Kozi anaingia, ndiyo maana nasema umjue ni nani. Kwa kozi ni tenga na wavu tu.

Wape chakula barazani, wala usimwage mtama katikati ya ua. Na uwe na jogoo. Jogoo mzuri ana sauti moja kwa kitu cha chini, kama paka au kicheche, na nyingine kabisa kwa kitu cha juu: mlio mmoja mrefu, mwembamba, jicho lake moja likiwa mbinguni. Vifaranga wangu wakiusikia hulala chini kama majani makavu. Mimi mwenyewe siku hizi nikiusikia nainua kichwa, na mara nyingi jogoo ameona kabla yangu.

CD za zamani zinazoning'inizwa zimeremete husaidia siku chache, kisha wanazizoea. Usitegemee hizo.

Akiwa na kiota

Mwewe hujenga juu sana, mara nyingi kwenye mvinje au mnazi mkongwe, kiota cha vijiti kilichotandikwa matambara, karatasi na plastiki. Nimewahi kukuta kipande cha leso na soksi ya mtoto. Akiwa na makinda anaweza kukupiga kichwani ukipita chini. Anapiga kutoka nyuma. Vaa kofia, geuka umtazame huku ukipita, au fungua mwavuli, na kwa wiki chache pita njia nyingine kama ipo. Usikate mti. Makinda wakiruka, shari imekwisha.

Bundi juu ya vichwa vyetu

Hapa nataka niseme kirefu, kwa sababu hapa ndipo roho inaponiuma.

Ile nyumba ya Shella ilikuwa na bibi mmoja, mama wa mwenye nyumba. Nilipomweleza nilichokiona alishika kifua. "Mwanangu, mtoe huyo leo leo. Bundi akilia juu ya nyumba, hapo kuna msiba." Mwenye nyumba naye akaniambia nifanye anavyotaka mama. Na mimi nililelewa na maneno hayo hayo, sikuwa na haki ya kumcheka bibi yule.

Nikamwomba, "Bi, nipe dakika tano." Nikapanda tena, nikaokota chini ya kiota vidonge vyeusi vyenye kung'aa, kila kimoja kama kidole gumba, nikavileta kwenye sinia. Bundi humeza panya mzima mzima, kisha mifupa na manyoya ambavyo tumbo haliwezi kuvisaga huvitema kwa donge moja. Nilikivunja kidonge cha kwanza mbele yake kwa kijiti cha ufagio. Manyoya ya kijivu, mbavu nyembamba kama sindano, fuvu la panya, meno yake ya mbele bado ya njano. Fuvu la pili. La tatu. Kidonge kimoja hicho. Bibi alijiinamia akaangalia sinia muda mrefu, kisha akauliza, "Wote hawa walikuwa ndani ya nyumba yangu?"

Tukakubaliana kungoja. Mayai ya bundi wa aina hii, yule mweupe wa uso wa moyo, hulaliwa kama mwezi mmoja, na makinda hukaa kiotani kama miezi miwili kabla ya kuruka. Wale wetu walikuwa tayari na manyoya yanayochipuka. Nilifanya kazi upande mwingine wa paa, upande wao nikauacha na makuti ya zamani. Nikamwachia bibi maelekezo ambayo nakuachia na wewe.

Usiwamulike kwa tochi usiku. Usipeleke watu kuwatazama. Tandika turubai chini ya kiota likusanye uchafu, na ukiufagia kwanza unyunyizie maji, vumbi lake si zuri kifuani. Ile "kshhhh" ya usiku ni watoto wanaomba chakula, haina maana nyingine. Kinda akianguka, na bundi wadogo huanguka sana, mrudishe. Mfunike kwa kitambaa, mwinue, mweke mahali pake. Maneno kwamba mama humkataa akinusa mkono wa mtu si ya kweli.

Walipoondoka wote, nilikaa wiki mbili zaidi nisikie kama kuna sauti, kisha nikaziba uwazi kwa makuti mapya mchana, nikiwa nimehakikisha hamna kitu ndani. Nikamtengenezea bundi sanduku la mbao, tundu lake la sentimita 15, nikalifunga kwenye mbuyu ulio nyuma ya ua, juu kiasi cha mita tano, mlango ukipa mgongo mvua ya kusi. Mwaka wa kwanza halikuingiwa. Mwaka wa pili bibi alinitumia mjukuu wake kuniita: "Nyanya anasema uje uone, wamehamia."

Kilichonivunja moyo ni cha nyumba nyingine, jirani yangu mwenyewe. Panya walimzidi, akaweka sumu. Sumu hizi nyingi huzuia damu kuganda, na haziui papo hapo. Panya huchukua siku kadhaa akitembea polepole, kalegea, mahali peupe, na huyo ndiye bundi humdaka kwanza. Nilimkuta bundi asubuhi chini ya mwarobaini, kafungua mabawa kama mtu aliyejikunja kwa baridi, damu inamtoka puani. Hakufika adhuhuri. Jirani alimpoteza mwindaji wake kwa mkono wake, na baada ya miezi panya walirudi vile vile. Tumia mtego. Nafaka weka kwenye pipa la bati lenye kifuniko. Ziba nyufa za ukuta. Na kama sumu imekwisha kutumika, okota panya waliokufa kila asubuhi uwafukie.

Kilomita chache kutoka hapa, katika msitu wa Arabuko-Sokoke, yuko bundi mdogo asiyezidi shibri moja, ambaye duniani kote anapatikana sehemu hizi za pwani yetu na kwenye vilima vya Usambara Mashariki, Tanzania, basi. Wataalamu walimtambua miaka ya 1960. Watu hupanda ndege kutoka mbali waje wamwone kwa dakika moja, na watoto wetu wanaokota mawe kwa ajili ya yule wa nyumbani.

Ukimkuta ameumia au amenasa

Siku moja asubuhi nilisikia kuku wanapiga kelele bandani. Kozi alipenya pembeni, mahali wavu ulipokuwa umelegea, akanasa bawa. Alikuwa amelala chali, kucha zimenielekea, mdomo wazi. Jicho lake la njano lilikuwa na ngozi nyeupe nyembamba iliyopita juu yake kutoka upande mmoja hadi wa pili na kurudi, haraka, kama pazia. Kifua kilikuwa kinadunda hata manyoya yakitikisika.

Usimkimbilie. Ondoa watoto, ondoa mbwa. Chukua kanga au taulo, mrushie juu afunikwe kichwa na yote, kwani ndege hawa wakiwa gizani hutulia. Mdomo hauna hatari kubwa, hatari ni kucha. Kupitia kitambaa tafuta miguu, ishike yote miwili kwa mkono mmoja juu ya vidole, na mkono wa pili ukusanye mabawa mwilini kama unavyombeba kuku wa sokoni, lakini usimbane kifua, ndege akibanwa kifua hapumui. Akikushika kwa kucha usivute mkono. Tulia, nyoosha mguu wake, naye vidole vitafunguka. Uzi wa wavu ukate kwa mkasi, usiuvute.

Kisha mtie kwenye katoni yenye matundu, chini kitambaa, ifunge, iweke mahali pa kimya na kivuli. Usimpe maziwa, mkate wala wali. Na maji usimdondoshee mdomoni. Hilo nililifanya kwa mwewe mmoja aliyegonga kioo cha dirisha. Nilimhurumia, nikamtilia maji kwa kijiko, yakaingia njia ya pumzi, akafia mikononi mwangu. Laiti ningemwacha gizani saa mbili tu, huenda angeamka, kwani wengi wanaogonga kioo huwa wamezimia tu.

Akiwa na bawa linaloning'inia, jeraha, au akishindwa kusimama, piga simu KWS, shirika la serikali la wanyamapori, au umpeleke ofisi yao, hapa kwetu iko upande wa Casuarina kwenye hifadhi ya bahari. Usikae naye nyumbani ukijaribu kumtibu, na usimfuge. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumweka ndege wa porini bila kibali, hata kama nia yako ni njema.

Kozi wangu hakuwa amevunjika. Nilimwacha katoni hadi saa kumi, jua limepoa lakini mchana ungalipo. Bundi angengoja magharibi. Niliweka katoni juu ya ukuta, nikaifungua upande unaotazama miti, nikarudi nyuma hatua kumi. Alitoka kichwa, akakaa ukingoni, akajikung'uta mara mbili, akaruka hadi kwenye mwembe na kupotea humo. Jogoo akatoa ule mlio wake mwembamba.

Jioni hiyo hiyo niliukaza wavu pande zote kwa kamba mpya, na vifaranga nikawarudisha tengani kwa siku tano, maana njia ya bandani alikuwa ameshaijua.